Siku Niliyombatiza Mbeyu Darasani

Enzi zetu mtoto alipelekwa shule akafunzwe kusoma na adabu, na kiboko kilikuwa mwalimu msaidizi. Ndiyo maana Changamwe nzima ilishtuka pale Sista Bibiana alipofungua darasa la watoto wadogo misheni na kutangaza kwamba kwake watoto watakuja kucheza. Hakusema watacheza baada ya masomo. Alisema kucheza ndiyo masomo. Mama yangu alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha njiani akaanza: "Kucheza? Kama ni kucheza, si ungecheza nyumbani ukaniangalizia mtoto?" Alilirudia swali hilo mpaka tukafika mlangoni kwetu.

Nimelikumbuka juzi, nilipompeleka kitukuu changu Zawadi kwenye shule ya chekechea huku Mishomoroni, ninakoishi sasa na wajukuu. Mwalimu wake, msichana mwenye kucha ndefu za rangi, alinionyesha sanduku la vitu vya plastiki akanieleza polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema na vikongwe, kwamba siku hizi watoto hujifunza kwa kucheza. Akasema ni mambo mapya. Nikamwambia ahsante. Ningemwambia nini? Kwamba mimi nilisoma hivyo kabla bibi yake hajaota meno, na kwamba mchezo wangu mmoja nusura ufunge darasa zima? Angeniletea kiti na maji ya kunywa.

Kwa hiyo nawaeleza ninyi wa rika langu, mliobaki. Ninyi mnaikumbuka Changamwe ya makuti mengi na mabati machache, vita vimekwisha lakini unga bado haba. Tuliamka kwa honi ya gari la moshi. Tulikula muhogo wa kuchemsha na kipande cha papa mkavu, kipande chenyewe kikiwa cha kunusia zaidi kuliko cha kutafuna, tukashushia chai ya mchaichai isiyo na sukari. Hakuna aliyetuuliza kama tumeshiba. Ukiulizwa na mgeni, jibu lilikuwa "nimeshiba, ahsante", hata kama tumbo linanguruma naye analisikia. Kusema una njaa mbele ya mtu wa nje ilikuwa ni kumvua nguo aliyekulea. Hilo tulilijua kabla hatujajua kuhesabu.

Darasa lenyewe lilikuwa banda la makuti, sakafu ya udongo, bila dawati hata moja. Siku ya kwanza Sista alitandika mkeka akaketi chini pamoja nasi, miguu ameikunja ndani ya kanzu yake nyeupe. Tulishtuka, maana hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona mzungu ameketi chini. Tulidhani ameanguka.

Herufi tuliziandika kwa kidole ndani ya sinia ya mchanga. Ukikosea unatikisa sinia, kosa limekwenda zake. Nimevuka miaka themanini na sijaona tena kitu kinachosamehe upesi namna ile. Kuhesabu tulihesabu kwa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zilizo laini mkononi, na wengine tuliziiba kwa kuzificha mashavuni. Pembe moja ya banda ilikuwa duka, na mchanga ndio sukari, ukipimwa kwa vifuu vya nazi. Pembe nyingine ilikuwa jiko, na ya tatu hospitali. Amri ya Sista ilikuwa moja: mnayoyaona wakubwa wakifanya nyumbani, yafanyeni hapa, kisha mnieleze. Saa nne ulikuja uji wa mtama katika vikombe vya bati, na nawaambia kweli, nusu ya watoto wa darasa lile waliletwa na uji.

Padri hakupendezwa. Alikuwa mtu wa katekisimu na fimbo, na kila akipita mlangoni akiona tunauziana mchanga alitikisa kichwa. Alimpa Sista mpaka Pasaka. Kama tukifika Pasaka hatujui sala na herufi, au kama fujo yoyote itatokea, darasa linafungwa na Sista anarudishwa kushona nguo za altare. Tuliyajua hayo kwa sababu baba yangu alikuwa katekista wa misheni, na habari za misheni zilifika mkekani kwetu kabla ya ugali.

Kazi ya baba ilikuwa kutembea. Alikwenda kwa miguu vijiji vya ndani, akifundisha sala, na ndani ya mkoba wake alikuwa na kichupa cha maji. Watoto wachanga walikufa sana miaka ile, kwa homa tu, na Padri hakuweza kufika kila mahali kwa wakati. Basi Kanisa lilimruhusu mtu yeyote kumbatiza anayekufa, na baba aliwafunza wakunga, akawafunza akina mama, mwisho akatufunza hata sisi wanawe. "Ukimkuta mtu anakata roho na hakuna mkubwa, mimina maji kichwani, useme maneno haya yakiwa bado yanatiririka. Na umaanishe. Ukimaanisha, imekuwa, na hakuna wa kuifuta." Nilikuwa na miaka sita. Nilifanya mazoezi kwa mapapai nyuma ya nyumba mpaka Mama akanikataza, maana hakuwa na hakika kama papai lililobatizwa linalika.

Sasa kuna Mbeyu. Mbeyu alikuwa rafiki yangu, mdogo wa umbo, mwenye macho makubwa na maneno machache. Wazazi wake walikuwa wamekufa, naye alilelewa na babu yake, Mzee Mwero, Mduruma aliyelima kijishamba ukingoni mwa Changamwe. Mzee hakuwa Mkristo wala Mwislamu, alifuata mila za kwao. Jina Mbeyu lilikuwa la marehemu mkewe, na kwao jina la bibi likirudi kwa mjukuu, ni bibi mwenyewe amerudi nyumbani. Mzee alikuwa akimwamkia yule mtoto asubuhi kwa jina la mkewe na kumsimulia shida zake za shamba. Alipomleta misheni, alimwambia Padri mbele ya baba yangu: "Mfunze kusoma. Mfunze kuhesabu. Lakini msimtie maji mkampa jina jingine. Huyu ndiye niliyebakiwa naye." Padri akampa mkono wake kwamba haitakuwa. Baba alikuwa shahidi.

Asubuhi ile mimi nilikuwa dresa, yule mfunga vidonda, katika hospitali yetu, kama kawaida yangu, kwa sababu dresa ndiye mwenye kuamrisha watu. Mbeyu, ambaye siku zote alitaka duka, alikuja akasema leo yeye atakuwa mgonjwa. Akalala juu ya mkeka. Nikamuuliza, "Waumwa wapi, mama?" Hakujibu. Nikadhani anajua kucheza. Nikamwinua mkono, ukaanguka. Macho yake yalikuwa nusu wazi na weupe ndio ulioonekana, na paji la uso lilikuwa baridi lenye jasho. Nikamwita mara ya pili, ya tatu. Sista alikuwa nje nyuma ya banda, kwenye chungu cha uji. Wenzetu walikuwa wakigombania sukari ya mchanga.

Nilishikwa na hofu ambayo mpaka leo naisikia mgongoni. Nilikimbilia mtungi, nikachota maji kwa kata, nikammiminia Mbeyu kichwani, na maji yakiwa yanatiririka nikayasema maneno yote kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, bila kuruka hata moja. Ila pale mwanzo pa kumtaja jina, woga ulinisahaulisha watakatifu wote wa mbinguni. Nikampa langu. Nikasema, "Veronika, ninakubatiza."

Mbeyu akakohoa. Akaketi, akapangusa uso, akatutazama kama anayetoka safari.

Sista aliingia na kikombe cha kwanza cha uji, akamwona Mbeyu amelowa na mimi nimeshika kata. Mvulana mmoja wa dukani akamweleza kwa furaha, "Veronika amembatiza Mbeyu." Sikuwa nimemwona mzungu akigeuka rangi. Wekundu wote ulimtoka usoni, akaketi palepale, na uji ukamwagikia kanzu. Mbeyu yeye alikunywa vikombe viwili akaomba cha tatu. Nilimwona mlafi.

Watoto hawana kifua cha kuweka siri. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa sokoni, na alasiri imemfikia Mzee Mwero shambani.

Nyumbani baba hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Hakula. Aliniuliza maji yalitiririka au yalidondoka. Nikasema yalitiririka. Akauliza maneno, nikayasema. Akafumba macho. "Kesho Padri atakuuliza neno moja tu," akasema. "Kama ulikuwa unacheza, au ulifanya kweli. Kama ulifanya kweli, yule mtoto ni Mkristo, na mimi na Padri tumemvunjia mzee ahadi, na hakuna njia ya kurudi. Usitazame uso wa mtu. Sema lililokuwa moyoni mwako."

Mama, kwa upande wake, aliendelea na swali lake la tangu mwanzo. "Si nilisema akae nyumbani?"

Asubuhi tulikutana barazani kwa Padri. Mzee Mwero alikuwa amesimama na fimbo yake, amekataa kiti. Sista alisimama kando ya nguzo, mikono ameishika pamoja, na nikaona kwamba bado ina unga wa mtama kwenye kucha. Baba alikuwa nyuma yangu. Nilimwamkia mzee, "Shikamoo, babu," naye, pamoja na hasira yake yote, akanijibu "Marahaba, mwanangu", maana watu wa zamani walijua kutenganisha.

Kisha akamgeukia Padri. "Bwana, ulinipa mkono wako. Jana mke wangu ametoka kwangu ana jina lake, amerudi ana la watu wengine. Nikimwita sasa, aitika nani?"

Padri, mtu yule wa fimbo, akasema kwamba yote yategemea watoto wenyewe, kwani mchezo haubatizi mtu. Akasema pia, akimtazama Sista, kwamba vyovyote itakavyokuwa, kama mambo haya yalifanywa kweli ndani ya darasa lile, leo ndiyo siku yake ya mwisho. Halafu akaanza na Mbeyu. "Mtoto, jana ulikuwa mgonjwa?"

Mbeyu alimtazama babu yake. Akasema, "Hapana, Padri. Nalikuwa nacheza."

Nilihisi kama nimepigwa kibao. Kumbe alikuwa ananidanganya. Kumbe mimi peke yangu, dresa mzima, nililia moyoni juu ya mtu anayejifanya, na kesho darasa lote litanicheka. Padri akanigeukia. "Na wewe, Veronika?"

Moyoni nilijua. Nilikuwa nimemaanisha kila neno. Baba alikuwa amenikataza kutazama nyuso, nami nikazitazama zote: Sista na unga wake, mzee na fimbo yake, Mbeyu aliyeinamisha kichwa. Nikasema, "Nilikuwa nacheza, Padri."

Padri alicheka. Hatukuwahi kumsikia akicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kutisha kidogo. Mzee Mwero akatua fimbo chini, akauliza mara mbili kama ni kweli, kisha naye akacheka huku machozi yanamtoka. Akamwita, "Mbeyu." Naye akaitika, "Abee." Wakaenda zao wameshikana mikono. Baba hakucheka. Alinitazama mara moja tu, na tangu siku ile kichupa chake cha maji kilihamia juu ya boriti ambapo mimi sikuweza kukifikia. Hatukulizungumza tena mpaka anaingia kaburini.

Darasa lilibaki. Hospitali ilivunjwa, Sista akaweka posta mahali pake, tukaandikiana barua za majani ya mkorosho. Pasaka ilipofika tulisimama mbele ya Padri tukasema sala zote na herufi zote na hesabu mpaka mia, na yeye akatafuta kosa akalikosa. Kwa hiyo mnaweza kusema uongo wangu ulizaa matunda. Mimi sikuweza kusema hivyo. Kila kitubio cha kila Pasaka niliungama hasira, niliungama uvivu na kusengenya mawifi, nikifika pale niliruka. Nilimdanganya Padri mbele ya baba yangu juu ya ubatizo wa mtu. Unaanzaje?

Mbeyu aliolewa huko kwao Duruma, nami nikaolewa Kisauni, tukapoteana miaka mingi kuliko ninavyopenda kuitaja. Mwaka jana, kwenye foleni ya kliniki ya macho, bibi mmoja aliyefunikwa jicho la kushoto alikuwa akinikodolea la kulia. Mimi nilikuwa nimefunikwa la kulia. Tukajuana kwa yale mawili yaliyobaki.

Tulizungumza mpaka zamu zetu zikapita. Na kwa kuwa nilijua siku zetu zimebaki chache, nikamtolea yote. Nikamwambia kwamba siku ile sikuwa nacheza, nilidhani anakufa, nilimbatiza kweli kisha nikakana, na kwamba nimekaa na jambo hilo maisha yangu yote.

Alipapasa mkufu wake wa shanga. "Vero," akasema, "na mimi sikuwa nacheza."

"Usinifanyie mzaha, bibi wewe."

"Haki ya Mungu. Siku mbili babu hakuwa amepata kitu. Alinipa mimi mabaki, nami nikayaficha nikamrudishia usiku kwa kusema nimeshiba. Asubuhi ile darasani nikaona banda lazunguka. Nikasema heri niwe mgonjwa, mgonjwa huruhusiwa kulala. Nilipolala nikaona giza. Sikukusikia ukiniuliza naumwa wapi. Nilichosikia ni maji, halafu jina."

Nilishtuka hata nikasimama. Nesi akadhani nimeitwa.

"Mbona basi ulimwambia Padri vile?"

"Ningemwambia nini? Nilikuwa na miaka sita, lakini babu alikuwa amesimama pale. Ningesema nalizimia kwa njaa, ningemwaibisha mbele ya wazungu. Ningesema umenibatiza nikiwa nakufa, ningemwondolea mkewe. Na uji je? Ningeupata wapi?" Akacheka kidogo, akapangusa lile jicho zima. "Nimeitika Mbeyu maisha yangu yote kwa ajili yake. Ila nikiomba peke yangu hujitaja lile la pili, ili Mungu asinichanganye na bibi."

Mnaona mambo. Padri, Sista, katekista, mzee wa kaya, wote walituliza mioyo yao juu ya uongo wa watoto wawili, na kila mtoto akidhani mwongo ni yeye peke yake. Siku kadhaa baada ya hapo nilikuwa siwezi kula vizuri. Nilikuwa nikikumbuka vile vikombe viwili vya uji, na kile cha tatu nilichomwonea uchoyo.

Zawadi naye ana hospitali yake siku hizi, ya plastiki, ina hata kile kipimo cha kusikiliza moyo. Ananiwekea kifuani huku macho yake yako kwenye simu ya mama yake, ananiambia niko sawa, hata sijajibu. Hajui mgonjwa asiyejibu anafananaje, wala mtoto anayesema ameshiba akiwa hajala, na ninashukuru kwamba hajui. Lakini nikitazama vile vitu vya rangi vilivyotapakaa sakafuni, natamani kidogo sinia ya mchanga, na Sista ameketi chini na kanzu yake, na sisi tukicheza yale tuliyoyaona nyumbani kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo.

Mbeyu alifariki mwezi uliopita. Alizikwa kwao, karibu na babu yake, kwa mila za babu yake, bila msalaba wala padri, na sikuona sababu ya kumweleza mtu lolote. Nilikwenda na Zawadi anishike mkono kwenye mashimo. Zamu yangu ilipofika nilitupa konzi ya mchanga, nikamwombea polepole kwa jina lake.

Zawadi, mwenye masikio ya sungura, akanivuta kanga. "Bibi," akasema, "Veronika si ni wewe?"

Nikamwambia tulikuwa wawili.